Taima ya mashine ya kukanda miguu inazingua: anzia kwenye adapta na kapasita, aisii iache kwanza

Wakuu, hii inawahusu mliojitengenezea kiboksi cha taima kwa ajili ya mashine ya kukanda nyayo, zile za mota ya 12V yenye magurudumu ya kusugua, unabonyeza batani inakanda dakika 15 afu inajizima yenyewe. Nitaongelea sakiti mbili tu maana ndo karibu kila mtu anazojenga, ile ya NE555 (chipu ya kupima muda, tunaiita 555 tu) na kapasita kubwa, na ile ya CD4060, chipu inayohesabu. Boksi nyingi zinaletwa hukumu ikiwa imeshatoka, "fundi, aisii imeungua hii" (aisii ndo hiyo chipu), mtu keshaenda Kariakoo kanunua 555 za kutosha, kabadilisha moja baada ya nyingine na ugonjwa uko palepale. 555 ni chipu ya tangu 1972, inakula kuanzia 4.5V mpaka 16V, ni ngumu kweli kweli na mara chache sana ndo inakuwa na kosa. Mwenye kosa huwa ni adapta, au mota yenyewe, au kile kikapasita cha bei chee.

Kitu kimoja niseme mapema nisije nikasahau. Kama kifaa chako ni cha pedi za kubandika kwenye ngozi zinazopitisha umeme mwilini, au ni beseni la maji lenye vyuma unamotumbukiza miguu, haya maelezo sio yako. Adapta za mtaani kati ya upande wa umeme wa ukutani na upande wa 12V kuna kizuizi kidogo tu cha plastiki na waya mwembamba, kikishindwa siku moja ile 230V inakuja moja kwa moja kwenye miguu iliyolowa. Na lile beseni kwa taarifa yenu, maji yanageuka rangi ya kutu kwasababu vyuma vinaliwa na umeme na chumvi, weka bila miguu uone kama hayatageuka. Sio sumu inatoka mwilini. Mashine ya kukanda inakanda, misuli inalegea, unalala vizuri, basi, na hiyo inatosha kabisa. Mwenye kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi, au aliyewahi kuambiwa ana damu iliyoganda mguuni, aongee na daktari kwanza kabla ya kuweka miguu hapo.

Tenganisha mota na taima

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo inayookoa siku nzima. Chomoa waya za mota kwenye rilei (ile swichi inayovutwa kwa umeme), mahali pake funga balbu ya gari ya 12V 5W, zile ndogo za parking, wauza spea wa pikipiki wanazo. Balbu inakula kama 0.4A tu, haina kelele za umeme, haina msukumo wa kurudi nyuma, na unaiona kwa macho ikififia. Sasa washa. Kama na balbu kila kitu kinaenda sawa ila ukirudisha mota vurugu zinaanza, basi taima yako ni nzima, usiiguse, tatizo ni umeme na kelele za mota. Kama na balbu bado inazingua, hapo ndo ufungue taima.

Halafu usikae unasubiri dakika 15 kila ukijaribu, utazeeka. Kwenye 555 fomula ni 1.1 mara rezista mara kapasita, so kwa 820k na 1000µF unapata sekunde 902, dakika 15 na ushee. Chomoa ile 820k weka 10k kwa muda, inakuwa sekunde 11. Kwenye 4060 usibadilishe kitu, hamisha tu waya unaotoka pini namba 3 uweke pini namba 14, kazi ya dakika 15 itaisha kwa sekunde kama 14. Ukimaliza kupima rudisha.

Kimya, haifanyi chochote

Pima umeme kwenye miguu ya chipu yenyewe, sio kwenye njia ya bodi, maana risasi ya kuchomelea ikiwa haijashika vizuri bodi inakuwa na 12V na chipu haina kitu. Kwa 555 ni pini 8 na pini 1, kwa 4060 ni pini 16 na pini 8. Umeme upo na bado kimya? Kwenye 555 angalia pini 4, hiyo lazima ifungwe kwenye pozitivu, ukiiacha inaning'inia inafanya inavyotaka.

Kama kwenye 555 ukipima pini 3 (inayotoa amri kwa rilei) umeme unapanda na rilei haikliki, tatizo liko kwenye transista au rilei. Transista kwanza: BC547 ukiiangalia upande ulio bapa, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. S8050 na PN2222 nyingi ziko kinyume, emita, besi, kolekta. Dukani ukiomba BC547 ikaisha unapewa hiyo nyingine, "ni sawa tu", na kweli inafanya kazi ileile ila mpaka uigeuze. Daiodi ya 1N4007 iliyokaa sambamba na koili, ule mstari wa kijivu uangalie pozitivu. Ukiikosea haitoharibika taratibu, itapiga shoti kila transista inapofungua na transista itakwenda na maji.

Rilei zile za bluu soma kilichoandikwa juu, 05VDC, 12VDC au 24VDC, kwa umbo ni mapacha. Ya 12V koili yake ina omu 400 hivi na inakula kama 30mA. Ya 24V ni kama omu 1600, ukiipa 12V haivuti, au inavuta kwa kusuasua. Ya 5V ni omu 70, hiyo itavuta vizuri sana, kwa kelele kabisa, afu baada ya dakika chache unasikia harufu maana inakula zaidi ya 160mA na BC547 mwisho wake ni 100mA. Pima omu za koili kabla ya kuchoma risasi, sekunde kumi tu.

Na kama umejenga ya 4060 na chipu inakuwa ya moto hapohapo ukiwasha, ila ukiangalia waya zote ziko sawa, isome jina. Hili limetokea dukani kabisa mbele ya kaunta:

"Dada, nisomee hapo juu imeandikwaje."
"74HC4060, kaka."
"Mi nataka CD4060."
"Si ileile? 4060 na 4060!"

Sio ileile. Pini zinafanana, hesabu inafanana, lakini ya HC mwisho wake ni 6V na ya CD inafika mpaka 18V. Kwenye 12V ile ya HC haina maisha.

Inawaka vizuri, haizimi

Hapa nitakaa kidogo maana ndo malalamiko namba moja, na ndo panapowafanya watu waichukie 555 bure.

Unabonyeza, mota inazunguka, dakika 15 zinapita, 20, nusu saa, inaendelea. Kapasita inatakiwa ijae mpaka theluthi mbili za umeme ulioweka, yaani kwenye 12V ni 8V, ndo chipu inazima. Sasa fikiria inapokaribia hiyo 8V, kwenye rezista ya 820k imebaki 4V tu ya kusukuma, na 4V gawa kwa 820k ni chini ya maikroampea 5. Tano! Hiyo ndo yote inayoingia kwenye kapasita. Na kapasita za elektroliti zote zinavuja ndani kwa ndani, mtengenezaji mwenyewe kwa kapasita ya 1000µF 16V anajiruhusu mpaka maikroampea 160. Kapasita mpya nzuri inavuja kidogo sana kuliko hiyo, ila iliyong'olewa kwenye bodi chakavu ikapigwa polishi ikarudishwa dukani, au iliyokaa kwenye kabati miaka, inaweza kuvuja hizo tano au zaidi. Ikishavuja sawa na inachopewa, inakaa hapo kwenye 6V au 7V milele. Ni ndoo iliyotoboka unayoijaza kwa bomba linalodondosha.

Kuthibitisha: weka ile 10k ya majaribio. Kama kwa 10k inazima vizuri kwa sekunde 11 ila kwa 820k haizimi, kesi imeisha, kuna uvujaji, na mshukiwa wa kwanza ni kapasita. Angalizo hapa, usiweke mita ya mshale juu ya kapasita ukitegemea kuona inavyojaa, mita ile kwenye renji ya 10V inakuwa na omu laki mbili hivi, yenyewe inanyonya kuliko kinachoingia na muda hautaisha kamwe hata kama kapasita ni nzima. Ya dijitali ya megaomu 10 unaweza, itachelewesha kidogo tu.

Joto nalo linaongeza uvujaji. Ndo maana kuna boksi zinafanya kazi vizuri mwezi wa saba, ikifika Februari lile joto la Dar ambalo hata usiku feni inapuliza upepo wa moto, zinaanza kuchelewa, dakika 15 zinakuwa 22, afu siku nyingine hazizimi. Mtu anasema imechoka. Haijachoka, imepata joto.

Kuna kingine kinachofanana na hiki, uchafu wa risasi. Ule utomvu wa kahawia unaobaki kwenye bodi baada ya kuchomelea, hasa ukitumia ile pesti ya kopo, unavuta unyevu. Masika ikianza, au kama unakaa Kigamboni karibu na bahari, ule uchafu kati ya pini 6, pini 7 na negativu unakuwa rezista ya kutosha kuvujisha hizo maikroampea. Sugua kwa mswaki wa zamani na spiriti, acha ikauke juani. Wakati mwingine hiyo tu inaponyesha.

Dawa ya kweli ni ipi? Kwangu mimi, ukitaka zaidi ya dakika tano achana na 555 ya kapasita moja kubwa. Unaweza ukalazimisha, ukanunua kapasita ya 35V au 50V badala ya 16V maana ukiipa umeme mdogo kuliko uwezo wake inavuja kidogo, ukashusha rezista ukapandisha kapasita, lakini unapigana vita isiyo na mwisho. CD4060 inatumia kapasita ya 0.1µF ya plastiki ambayo haivuji, inatikisika haraka haraka ndani, afu inahesabu mizunguko 8192 ndo pini 3 inapanda. Ukiweka rezista ya 470k na hiyo 0.1µF mzunguko mmoja ni kama sekunde 0.11 na jumla inakuja dakika 14 na kitu. Ile rezista nyingine inayokwenda pini 11 iwe kubwa mara mbili mpaka mara kumi ya 470k, megaomu 1 na kuendelea. Gharama imeongezeka kidogo, usingizi umeongezeka sana.

Muda unayumba

Hapa ni haraka. Kama ni 555 na muda ni dakika 12 au 18 badala ya 15 lakini kila siku ni uleule, hiyo ni kawaida, kapasita za elektroliti zinaruhusiwa kukosea asilimia 20, badilisha rezista mpaka upate unachotaka. Kama baada ya kukaa wiki kadhaa bila kutumika mara ya kwanza inachelewa sana halafu inarudi sawa, kapasita ilikuwa imelala, ikipata umeme utando wa ndani unajirekebisha na uvujaji unapungua. Inakuonya tu hiyo.

Kama ni 4060 na leo imekata dakika 3, kesho 11, keshokutwa 7, huna riseti ya kuwashia. Hii chipu ukiipa umeme haianzii sifuri, inaanzia popote inapojisikia. Weka kapasita ya 100nF kutoka pozitivu kwenda pini 12 na rezista ya 100k kutoka pini 12 kwenda negativu. Imeisha.

Mtu akikandamiza miguu inakata

Hii nzuri, na inawachanganya hata mafundi. Ikiwa peke yake inakwenda dakika 15 kamili, mtu mzito akiweka miguu akakandamiza, dakika ya tisa ya kumi inazima. Wanasema mota imechoka. Angalia kinachotokea: mota ikibanwa inataka ampea nyingi, adapta inashindwa, umeme unashuka kutoka 12V mpaka 8V kwa muda mfupi. 555 haipimi 8V kama 8V, inapima theluthi mbili za kilichopo sasa hivi, na theluthi mbili za 8V ni 5.3V tu. Kapasita yako kwa wakati huo ina 6V. Chipu inaona "imejaa", inazima. Imefanya kazi yake vizuri kabisa, imedanganywa na adapta.

Ndugu yake ni ile rilei inayolia ta-ta-ta-ta-ta mara tu ukibonyeza. Adapta za kisasa zikizidiwa zinajikata zenyewe halafu zinajaribu tena, zinajikata, zinajaribu. Kila ikijaribu rilei inavuta, mota inataka umeme wa kuanzia ambao ni mwingi mara kadhaa ya ule wa kawaida, adapta inakata, rilei inaachia. Imeandikwa 12V 2A juu ya stika, sawa, stika ni karatasi.

Jaribio lake: toa adapta, weka betri ya 12V, ya UPS au ya bodaboda, lakini pitisha kwenye fyuzi ya 3A maana betri ikipigwa shoti waya zinageuka hita. Kama kwenye betri kila kitu kinanyooka, nenda kanunue adapta nyingine, ya 5A, ya taa za LED ile ya bati lenye matundu inafaa ukiifunika vizuri pale kwenye skrubu za 230V. Usipime kushuka kwa umeme kwa mita ya dijitali ukaiamini, inasoma mara mbili tatu kwa sekunde na kushuka kwa kitambo haiioni. Ile balbu ya parking ukiifunga sambamba na mota itakuonyesha, ikifumba jicho mota inapoanza umepata jibu.

Hata ukiwa na adapta nzuri, mpe taima stoo yake mwenyewe. Pozitivu ikitoka kwenye adapta igawanyike, njia moja nene iende kwenye mota kupitia rilei, nyingine ipite daiodi ya 1N4007 kwanza ndo ifike kwenye kapasita ya 1000µF na chipu. Daiodi inazuia mota isinyonye akiba ya taima. Na kapasita ya 100nF karibu kabisa na miguu ya chipu, sio mwisho wa bodi. Na negativu ya mota irudi kwenye adapta kwa waya wake, isipite kwenye njia nyembamba za bodi ya taima. Kwenye mota yenyewe, 100nF kati ya vituo vyake viwili pamoja na daiodi iliyogeuzwa, inapunguza zile cheche za brashi ambazo zinasafiri kwenye waya wote kama uvumi.

Inajiwasha yenyewe

Kuna mama mwenye saluni Sinza alikuwa na hii, kaiweka chini ya kiti cha wateja, na kila dada wa pembeni akiwasha draya la nywele mashine ya miguu inaanza kukanda hewa. Alikuwa ameshaanza kusema ina kitu. "Mwanangu, hii umeileta na wenyewe," ndo alivyonipokea. Nikamwambia, "Mama, shikamoo kwanza, wenyewe tutawatafuta."

Batani ilikuwa na waya mrefu, kama mita mbili, umetoka kwenye boksi chini mpaka kwenye mkono wa kiti, na umekimbia sambamba na waya wa draya. Pini 2 ya 555 inahitaji kushushwa chini ya theluthi moja ya umeme kwa kitambo kidogo mno na inaanza kuhesabu, haihitaji kidole, cheche ya swichi ya draya inatosha. Rezista ya kuivuta juu ilikuwa megaomu 1. Kwa rezista hiyo na waya huo pale sio batani tena, ni antena. Iliwekwa 10k kutoka pini 2 kwenda pozitivu, 100nF kutoka pini 2 kwenda negativu palepale kwenye chipu, waya ukasokotwa ukahamishiwa upande mwingine wa kiti. Na pini 5, ambayo wengi wanaiacha wazi kwasababu "haina kazi", iliwekewa 10nF kwenda negativu. Wenyewe wakahama.

Huyohuyo mama aliuliza kama anaweza kubandika tangazo la kutibu presha na figo ili wateja waongezeke. Hapana mama. Ukishasema kinatibu umeingia kwenye vifaa tiba, na hao ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ile iliyokuwa TFDA mpaka 2019. Andika "kukanda miguu, dakika 15" na bei, watu watakaa tu, wamesimama kwenye mwendokasi tangu Kimara.

Rilei imeachia, mota bado inazunguka

Umesikia kabisa "klik", au hujasikia, mota haina habari. Chomoa umeme, weka mita kwenye kupima mlio, gusa mguu wa kati wa rilei na ule wa NO (unaoungana rilei ikivuta). Ikilia wakati umeme haupo, vyuma vya ndani vimeshikana. Gonga kwa mpini wa bisibisi, ikiachia usifurahi, itashika tena. Hiyo 10A iliyoandikwa juu ya rilei usiichukulie kwa mota, mota ikianza na ikizima inachoma vile vyuma kwa cheche, hasa kama hujaweka ile daiodi. Badilisha rilei, weka daiodi, na fyuzi ya kwenye njia ya mota iwepo, maana mashine iliyoshikana usiku mtu amelala miguu ikiwa ndani sio mchezo.

Kama inafanya kinyume kabisa, yaani ukibonyeza inanyamaza dakika 15 afu ndo inaanza, umefunga NC (mguu unaoungana rilei ikiwa imeachia) badala ya NO. Hamisha waya mmoja.

Umeme ukirudi inaanza peke yake

Hii ya TANESCO wote mnaijua, umekatika saa mbili usiku, unarudi saa tisa alfajiri, nyumba nzima imelala na mashine inakoroma sebuleni. 555 ikipata umeme ghafla inaweza kujianzisha, na 4060 yenye riseti ya kuwashia itajianzisha kwa uhakika, ndo kazi ya ile riseti. Kwa 555 weka 10k kutoka pozitivu kwenda pini 4 na 10µF kutoka pini 4 kwenda negativu, inaishikilia imelala kwa kitambo umeme unapoingia.

Kwa 4060 mimi napenda rilei ijishikilie yenyewe. Batani inakaa sambamba na vyuma vya rilei, na boksi zima, taima na mota, linapata umeme kupitia hapo. Ukibonyeza, umeme unaingia, chipu inaanzia sifuri, pini 3 iko chini na transista ya BC557 inaivuta rilei, rilei inafunga njia, unaachia batani na inaendelea. Dakika 15 zikiisha pini 3 inapanda, rilei inaachia, kila kitu kinakufa hata taa ya kiashiria. LUKU haiguswi. Umeme ukikatika katikati rilei inaachia na ukirudi hakuna kinachotokea mpaka mtu abonyeze. Batani iwe ya kubeba umeme wa mota kwa hicho kitambo, sio zile vibatani vya rimoti.

Mpangilio huo una ugonjwa wake mmoja tu: ikishazima ukibonyeza tena hapohapo, mota inazunguka ukiwa umeshikilia na ukiachia inazima. Ile 1000µF nyuma ya daiodi bado ina umeme, 4060 inakula kidogo sana so haijafa, inakumbuka pini 3 iko juu na inagoma kuvuta rilei. Funga rezista ya 2.2k sambamba na hiyo kapasita, subiri sekunde kumi, bonyeza.

Mwisho boksi. Ziba tundu la kila waya kwa gundi ya moto. Sisimizi wa hapa mjini wanaingia kwenye rilei zisizozibwa vizuri, wanabanwa kati ya vyuma, na rilei inakliki vizuri kabisa bila kupitisha umeme wowote. Ukikutana na rilei inayokliki na balbu haiwaki, ifungue kwanza uone kama kuna marehemu.